Gari la Kijani la Safu ya Mwisho

Mwalimu wa udereva ni mtu anayelipwa ili aogope kwa niaba ya wengine. Mwanafunzi akikanyaga mafuta pale alipotakiwa kukanyaga breki, mwenyewe hana habari, anatabasamu. Anayejua kwamba ukuta unakuja ni yule wa kiti cha pembeni. Mama ninayemsimulia hapa aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, wakiwemo wasiowahi kugusa usukani, akiwemo mumewe. Gari la shule lilikuwa na breki na klachi za ziada upande wake, na mguu wake uliizoea breki ile kiasi kwamba hata akiwa kwenye kochi nyumbani, televisheni ikionyesha watu wanafukuzana kwa magari, ungeuona unakanyaga zulia.

Lakini kuna jambo ambalo watu walilijua bila kulitia akilini. Katika miaka yote hiyo Mwalimu hakuendesha, aliendeshwa. Aliendeshwa na vijana wenye mikono inayotetemeka, na wastaafu wabishi, na daktari mmoja aliyefumba macho kila alipopishana na lori. Jioni gari la shule lilifungiwa ndani ya uzio kwa amri ya mwenye shule, naye Mwalimu akarudi nyumbani kwa miguu. Gari la kwake hakuwahi kuwa nalo. Mganga hajigangi, na mishahara ya shule za udereva haigangi mtu yeyote.

Sasa, njia ya mafunzo ilipita mbele ya yadi ya magari yaliyotumika. Siku moja lori likashusha pale gari la spoti la milango miwili, rangi ya kijani cha chupa, la bei mbaya enzi zake, limekaa chini kama limeinama kuokota kitu. Likasukumwa safu ya mwisho, karibu na ukuta. Mwalimu aliliona kupitia uzio wa waya na moyo ukamdunda, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Wiki iliyofuata akaanza kuwafundisha wanafunzi wake kuegesha papo hapo, mbele ya uzio ule. Wakaegesha asubuhi, wakaegesha mchana. Mwanafunzi mmoja alihitimu akiwa hodari wa kuegesha kuliko kwenda mbele.

Miezi minane ikapita na gari halikuondoka. Bei iliyoandikwa kwa chaki ya mafuta kwenye kioo cha mbele ilifutwa ikashushwa mara tatu. Muuza vipuri wa jirani alimwambia Mwalimu sababu: giaboksi imekufa. Kila mteja aliyepelekwa kulijaribu alirudi ameshika shingo, akaaga, na asionekane tena. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ila roho haikukubali, maana mara moja moja alilisikia likiwashwa na injini ilikuwa inaimba.

Alipostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani na kiinua mgongo cha milioni ishirini na mbili. Saa haikuleta ugomvi. Kiinua mgongo kilileta kikao cha familia, kikiongozwa na binti yao, nesi wa hospitali ya jirani, ambaye akishika jambo hulishika kama anavyoshika mkono wa mgonjwa anayekwepa sindano. Binti alikuwa na mpango: vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba. Tofali alishaagiza, mafundi ujenzi walikuwa tayari kuanza Jumatatu. Mama yake aliposema habari ya gari la spoti, binti aliuliza kwa upole kama wajukuu watakuwa wanakaa juu ya boneti.

Haikuwa dharau. Vyumba vitatu ni uzee wenye utulivu, na Mwalimu alijua hesabu hiyo, ndiyo maana ilimuuma. Mwisho walikubaliana hivi: Jumamosi Mwalimu aende yadini. Akilipata gari kwa milioni ishirini na mbili, na karatasi zake zote, ni lake na hakuna atakayenuna. Likizidi hapo hata kwa senti, Jumatatu mafundi wanachimba msingi.

Mumewe hakutia neno kikaoni. Alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Fundi, akiwemo mkewe. Alingoja binti aondoke, akaendelea kushona pindo la suruali ya mtu, kisha akauliza bila kuinua macho, "Lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Cha pili cha nani?"

"Chako."

Fundi akashona kidogo, akakata uzi kwa meno. "Basi bei nitapatana mimi," akasema. "Wewe ukienda peke yako utawaachia na nyumba."

Alisema kweli. Katika kupatana bei Fundi hakuwa na mwenzake. Miaka thelathini na zaidi alinunua vitambaa kwa majora, na wauza vitambaa walipomwona anakuja walikunja nyuso kama wanaojiandaa kuoga maji ya baridi. Lakini alipougua walituma watu kumjulia hali, maana siku bila Fundi ilipooza. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuponda. Kitambaa alichokitaka alikishika kwa vidole viwili kama panya mfu, akauliza kama kimeshawahi kunyeshewa. Njiani kwenda yadini alimpa mkewe masharti. Asitabasamu. Asilipapase gari kama anapapasa kichwa cha mtoto. Na zaidi ya yote, asifungue mdomo. "Kitu unachokitaka hukisifu," alisema. "Ukikisifu umeshakinunua, kilichobaki ni kutoa pesa."

Yadini walipokewa na muuzaji kijana aliyeitwa Marashi, kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake na ikabaki baada yake. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, maneno hayamwishi. Mwenye yadi alikuwa mtu mnene aliyekaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, mbele yake chupa ya chai na kikokotoo chenye tarakimu kubwa. Huyo walimwita Kimya. Hakusema bei kwa mdomo. Aliibonyeza kwenye kikokotoo, akakigeuza ukisome mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wafanyabiashara wengi waliosikia mshindo huo walisikia wakiwa wameshachelewa.

Fundi hakujua injini wala hakujidai kuijua. Marashi alipofungua boneti, Fundi alichungulia kwa heshima ya mtu anayechungulia nyumba ya watu asiowajua, akarudi nyuma. Kisha akainama kwenye viti. Vilikuwa vya ngozi, rangi ya kahawia, na hapo alikuwa kwake. Akapitisha ukucha kwenye mshono wa kiti cha dereva, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Mshono huu umerudiwa," akasema. "Uzi huu si wa kiwandani. Aliyeushona alikuwa na haraka, au na njaa."

Marashi akaeleza kwamba ni matengenezo madogo tu, ya kawaida. Fundi akamsikiliza hadi mwisho. "Hakuna anayerudia mshono mzima," akasema. "Kulichanika. Na kilichochana kiti, sijui kilichana nini kingine." Akazunguka nyuma, akaibonyeza bodi kwa kidole gumba, akaguna. Akauliza kama rangi ile ni ya gari au ni kuvu. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila hili la miezi minane limeishinda methali hiyo, maana halikujiuza na kutembea haliwezi. Mwalimu alisimama pembeni na mkoba wake kifuani, akilitazama gari kwa uso alioukausha kama alivyoamriwa. Ndani alikuwa anataka kulia kwa jinsi lilivyo zuri.

Wakaingia kwenye kontena. Bei ya kioo ilikuwa milioni thelathini. Fundi akataja kumi na nne, Marashi akacheka cheko la heshima, Kimya akamimina chai. Feni ikazunguka. Fundi alikuwa mtu wa maneno, lakini alijua kunyamaza vilevile, na wazee wawili wale wakakaa wakitazamana kama waliosahauliana majina. Baada ya muda mrefu Kimya akabonyeza ishirini na nane. Fundi akasema kumi na sita, kwa huruma. Mambo yakaenda hivyo, chai ikimiminwa na kupoa, hadi kikokotoo kikasoma ishirini na nne na Fundi akawa amegoma kwenye ishirini. Marashi aliona kamba inakaribia kukatika. Akashauri mama apelekwe kulijaribu gari, akirudi moyo wake utakuwa umeamua.

Mwalimu akanyoosha mkono kupokea ufunguo. Marashi akamwonyesha kwa masikitiko karatasi iliyobandikwa ukutani: mteja haendeshi gari kabla ya kulipa. Mteja mmoja alishawahi kutoka nje ya lango moja kwa moja hadi mtaroni. Gari lingeendeshwa na muuzaji, mteja akae pembeni asikilize. Mwalimu akamtazama mumewe. Fundi akamkazia macho ya kumkumbusha masharti, na Mwalimu akaenda kukaa pale alipokaa miaka ishirini na sita.

Marashi akawasha. Injini ikaunguruma vizuri. Kisha akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi kama mtu aliyeshika sufuria la moto, na gari likaruka mara tatu, likazima. Akawasha tena. Safari hii walifika langoni, wakiyumba mbele na nyuma kama wanaokubaliana na kila kitu. Gia ya pili aliichomeka klachi ikiwa katikati, na chini yao chuma kikasagana kwa sauti ya kutia kichefuchefu. "Ndivyo lilivyo," alisema Marashi, jasho likimtoka. "Lina tabia zake."

Mwalimu alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Kuna sauti ya gia iliyokufa na kuna sauti ya gia inayoteswa, na aliyesikia zote mbili kwa robo karne hawezi kuzichanganya. Mara moja tu, kwa bahati, Marashi alikanyaga klachi hadi mwisho, na gia ya tatu ikaingia laini kabisa. Hapo Mwalimu akajua. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Klachi ya magari ya namna ile ni nzito na hushika juu, karibu na mwisho, haitaki kushtukizwa. Marashi alijifunza kwa gari la otomatiki, na kumbe yadi nzima walijifunza kwa otomatiki. Miezi minane wateja wamekaa kiti hiki, wakarushwarushwa, wakarudi wameshika shingo, na gari likasingiziwa ugonjwa.

Na sasa siri hiyo ilikuwa yake. Anyamaze tu. Arudi akiwa ameshika shingo kama wenzake, Fundi amalizie kazi, na gari zima liende kwa bei ya gari bovu. Hakuwa anamwibia mtu. Wenye mali ndio waliolitangaza bovu. Akajikaza kisabuni. Mtaa wa kwanza akanyamaza, wa pili akanyamaza, ingawa kila gia iliposagwa ilimpanda hadi kwenye meno.

Kisha wakafika kwenye mlima mfupi wa kuelekea barabara kuu, wakasimama kwenye foleni, na nyuma yao likaja lori la mitungi ya gesi likasogea karibu mno. Foleni ikasonga. Marashi akaachia breki, akahangaika na klachi, gari likazima na kuanza kurudi nyuma. Mguu wa Mwalimu ulikanyaga kwa nguvu zake zote, na chini ya mguu hapakuwa na kitu ila kapeti.

"Breki ya mkono," akasema. Sauti ilitoka yenyewe, ile ya kazini, isiyopanda. "Vuta. Achana na kioo, lori halitakusaidia. Washa. Klachi hadi chini, gia ya kwanza. Sasa achia polepole, polepole, hapo. Tulia hapo. Unasikia pua ya gari inainuka? Hapo ndipo penyewe. Mafuta kidogo. Sasa achia breki."

Gari likapanda mlima bila kutikisika. Kileleni Marashi, ambaye maneno hayamwishi, alikuwa na mawili tu: "Turudie, mama?"

Wakarudia. Wakarudia mara nne, wakizunguka mtaa na kuupanda mlima uleule, na Mwalimu akamrekebisha kisigino, akamrekebisha mkono, akamwambia asiivute gia kama anang'oa muhogo bali aisindikize. Kijana alikuwa na mguu mzuri, hakuwahi tu kuambiwa autumie vipi. Mwalimu alifurahi. Lazima niseme ukweli, alifurahi vile anavyofurahi mwalimu yeyote pale kitu kinapoingia, na furaha hiyo ikamsahaulisha yote, hadi walipokata kona ya mwisho na uzio wa yadi ukaonekana. Hapo ndipo alipokumbuka alikuwa nani leo. Alifikiria kumwomba Marashi afunge mdomo. Lakini unamwambiaje mwanafunzi aliyeushinda mlima dakika hii hii kwamba asimwambie mtu?

Marashi aliingia langoni, akazizunguka safu zote, akalirudisha gari kinyumenyume kati ya magari mawili kama anayerudisha kitabu kwenye rafu. Akaingia kwenye kontena amechanua uso mzima. "Bosi, giaboksi ni nzima," akasema. "Gari zima kabisa. Tatizo ni miguu yetu. Mama huyu ni mwalimu wa udereva, amenifundisha."

Mezani kikokotoo kilikuwa kimegeukia upande wa Fundi, na kilisoma ishirini na mbili. Fundi alikuwa ameshaimaliza kazi. Alikuwa anaiacha chai ipoe kidogo tu, kwa ajili ya heshima. Kimya akavuta kikokotoo taratibu, akakifuta, akabonyeza, akakigeuza tena. Thelathini.

"Umemfundisha?" Fundi aliuliza.

"Alikuwa anarudi nyuma. Kulikuwa na lori."

"Nauliza, umemfundisha?"

"Nimemfundisha," alisema Mwalimu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu aliona aibu, na chini ya aibu aliona huzuni, huzuni ya kawaida kabisa ya mtu aliyekipoteza kitu kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaona mafundi wa Jumatatu wakishusha makoleo. Alimwambia Kimya kwamba ni haki yake, mali ni yake, na gari kweli linastahili bei hiyo. Akaweka mkoba begani na kumwambia mumewe waende.

Fundi hakuinuka. Aliinywa ile chai yote, akakiweka kikombe. Akauliza kwenye yadi mna magari mangapi ya gia za mkono. Kimya akamtazama Marashi, na Marashi akahesabu kwa vidole: saba, ukiacha hili la kijani. Yote safu ya mwisho. Yote, kwa wanavyojua wao, yana tabia zake.

"Basi tugeuze viti," alisema Fundi. "Tangu asubuhi nilikuwa mnunuzi. Sasa mnunuzi ni wewe."

Akamnyooshea mkewe mkono, kiganja wazi, namna wauza vitambaa walivyozoea kumnyooshea yeye kitambaa. "Huyu amefundisha watu zaidi ya elfu mbili. Kuna daktari alikuwa anafumba macho barabarani, leo anaendesha mwenyewe hadi mkoa wa pili akiwa ameyafumbua. Mimi mwenyewe alinifundisha, siku moja tu. Nilikuwa mkaidi, nikashuka nikaenda zangu, tukanuniana siku tatu. Kosa lilikuwa langu, na miaka kumi na tisa sijamwambia. Mtu huyu ana sikio. Gari hili nyinyi mmelala nalo miezi minane mkiliita maiti, yeye amekaa ndani yake nusu saa akakurudishia likiwa hai. Fundi akikufufulia cherehani unamlipa. Na alijua, mzee mwenzangu. Alijua kwamba akinyamaza analipata rahisi. Akashindwa kumwacha kijana wako aaibike mlimani. Mimi nimenunua vitu maisha yangu yote, na kitu cha namna hii sijawahi kukiona sokoni."

Mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni. Miaka thelathini na mmoja alikaa na mtu huyu. Chakula chake Fundi alisema kinalika. Gauni alilomshonea yeye mwenyewe kwa mikono yake alisema litafaa. Watoto wao alisema hawajambo tu. Kaka yake Fundi alipomuuliza siku ya posa amemwonaje mchumba, alijibu kwamba si mbaya. Mwalimu hakuwahi kulalamika. Alijua ni ugonjwa wa sokoni uliomfuata nyumbani. Lakini kujua kisima kiko wapi hakumalizi kiu. Sasa alisikia maneno yale yakimwagwa kwenye kontena la chuma, mbele ya watu wasiowajua, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Kimya akakisukuma kikokotoo pembeni. Kisha akafanya jambo ambalo Marashi alikuja kulisimulia wiki nzima: akafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko umbo lake, pengine ndiyo maana aliiwekea akiba. "Wauzaji wangu wako wanne," akasema. "Jumamosi nne awafundishe. Gari milioni ishirini na mbili." Hakumtazama Fundi. Alimgeukia Mwalimu. "Unasemaje, Mwalimu?"

Mwalimu akashusha mkoba begani. "Nne hazitoshi," akasema.

Fundi akafumba macho.

"Huyu ana mguu mzuri," Mwalimu aliendelea, akimwonyesha Marashi, "lakini kwenye mteremko bado, na mvua hajaiona. Nne ni kuwadanganya. Sita. Na mvua ikinyesha hatuahirishi, ndiyo siku yenyewe. Halafu gari hili kutoka hapa naliendesha mimi."

Kimya akanyoosha mkono, Mwalimu akaushika. Fundi alitikisa kichwa polepole, mtu aliyeshuhudia bei ikipandishwa na upande wake mwenyewe, ila mdomo wake ulikuwa unakwepa kucheka na haukufanikiwa sana.

Karatasi zilichukua saa nzima. Mwalimu akampigia binti yake simu, akamsomea namba za kadi ya gari moja moja, akamweleza habari ya Jumamosi sita. Binti akavuta pumzi ndefu, ile wanayoivuta manesi wanapomkuta mgonjwa ameshashuka kitandani mwenyewe. Akauliza kama mikanda inafunga. Akauliza breki. Mwisho akasema atawaambia mafundi wasije, kisha akauliza ni kijani cha namna gani.

Fundi aliingia kwenye kiti chake kama anayeshuka shimoni, magoti karibu na kidevu, akafunga mkanda na kuukagua mshono wake. Mwalimu akakaa nyuma ya usukani. Akakisogeza kiti, akarekebisha vioo vyote vitatu kwa mpangilio aliowafundisha watu elfu mbili, na akagundua kwamba mikono yake inatetemeka. Hakuionea haya. Aliisubiri itulie, kwa subira ileile aliyowapa wanafunzi miaka yote hiyo. Klachi hadi chini. Gia ya kwanza. Akaachia polepole hadi pua ikainuka, na gari la kijani likatoka langoni bila kishindo, Marashi akiwa amelishikilia lango wazi kwa mikono miwili.

Wakaupita mtaa wa kwanza, wakaupita wa pili. Hakuna aliyekuwa anamwambia akate wapi, wala yeye hakuwa na wa kumwambia. Walipoushinda ule mlima mfupi, bila lori nyuma na bila foleni mbele, Mwalimu alikohoa.

"Yale uliyoyasema pale," akasema, "yalikuwa biashara?"

Fundi alikuwa ameshika mpini wa mlango kama mtu aliyening'inia. "Biashara ni ninapoponda," akasema.

Mwalimu akageuza uso kumtazama, na akamtazama kwa muda mrefu kuliko sheria za barabarani zinavyoruhusu.

"Angalia mbele, Mwalimu," alisema Fundi kwa upole.

Akaangalia mbele. Barabara ilikuwa nyeupe, bila gari lolote mbele, naye akaingiza gia ya tatu.